Mapazia ya Kijani ya Uchochoroni

Mgeni aliyepita katika uchochoro ule kwa mara ya kwanza alidhani nyumba zote ni za mtu mmoja. Kila dirisha la mbele lilikuwa na pazia la kijani, kitambaa kilekile, pindo pana lilelile chini, na mshono ulionyooka kama umepigwa rula. Mapazia yote yalitoka katika mikono ya mwanamke mmoja, fundi cherehani, mjane wa makamo aliyezoea kuongea huku amebana pini midomoni. Watu walimwita Mama Pazia. Walianza kwa utani, kisha jina likamganda, hata akibisha hodi mahali na kuulizwa ni nani, alijibu hivyohivyo.

Kabla ya mapazia alikuwa mke wa seremala. Mumewe alikuwa mtu wa maneno machache na kelele nyingi. Msumeno na nyundo vyake ndivyo vilivyowaamsha majirani, na hakuna aliyelalamika kwa sababu nusu ya milango ya uchochoro ule aliitengeneza yeye. Asubuhi moja Mama Pazia alitoka kupeleka sare za shule, akamwacha kitandani akisema kifua kinambana. Aliporudi adhuhuri alimkuta sakafuni, mgongo ukutani, nyundo kando ya mkono wake. Alikuwa amekwisha kupoa.

Jirani aliyepakana naye ukuta alikuwa muuza nyama mwenye bucha kwenye kona. Alikuja msibani macho mekundu, akasema neno ambalo pengine angelimeza kama angejua litakaa wapi.

"Nilimsikia, shemeji. Alikuwa anagonga ukuta. Anagonga, ananyamaza, anagonga tena. Nikasema, leo jamaa ana kabati la kumaliza."

 Tangu siku hiyo Mama Pazia alimsalimia kila asubuhi bila kukosa, na alinunua nyama kwake bila kukosa, lakini salamu ile iliishia mdomoni. Ndani alikuwa amekwisha kumhukumu. Alijiambia kuwa mtu anayesikia mwenzake akigonga na asiinuke kwenda kutazama, huyo hana ujirani, ana ukuta tu.

Arobaini ilipopita, alikuwa na jora la kitambaa cha kijani lililobaki baada ya shule moja kubadili rangi ya sare zake. Alilitazama siku kadhaa, kisha akaanza kukata. Wifi yake, dada wa marehemu, aliyekuwa amehamia kwake kumliwaza na hakuondoka tena, alimuuliza anashona nini.

"Mapazia. Ya kila nyumba."

"Kila nyumba imekuomba?"

"Haijaniomba hata moja."

Alizunguka mlango kwa mlango. Masharti yake yalikuwa mepesi. Usiku funga pazia, ukiamka lifungue. Anayeishi ng'ambo ya dirisha lako akiona jua limepanda na pazia bado limefungwa, aje agonge. Basi. Hataki mchango, hataki kikao.

"Kwani majogoo wamegoma, wifi?" alisema wifi yake, lakini ndiye aliyebeba ngazi na misumari.

Wa kwanza kutundika alikuwa muuza nyama. Hakuuliza swali. Alichukua pazia kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea kitu kizito kuliko kinavyoonekana.

Si haki kusema mapazia hayakufanya kitu. Mwanamke aliyejifungua karibuni alikutwa na homa kali, hawezi hata kumnyanyua mtoto, kwa sababu tu jirani wa ng'ambo aliona pazia halijafunguliwa. Familia moja ilitolewa nje ikiwa imelewa moshi wa jiko la mkaa, wote wakapona. Na kulikuwa na mambo madogo. Watu waliokuwa wakipitana kama wapangaji wa hoteli walianza kujuana majina ya watoto, nani ana kisukari, nani anafanya kazi zamu ya usiku na aachwe alale. Muuza nyama akachaguliwa mwenyekiti wa uchochoro, na akaifanya kazi hiyo kwa moyo uliowashangaza waliomjua kwa mizaha tu.

Halmashauri nayo ikasikia. Mwishoni mwa uchochoro kulikuwa na bohari yake, tupu, ya kuwekea mabomba. Ikawapa kwa majaribio. Wakaipaka chokaa, wakaweka madawati; jioni watoto wakasomea humo, mchana akina mama wakaleta vyerehani vyao wakashona pamoja. Sharti lilikuwa moja: muda wa majaribio ukiisha, afisa wa ustawi wa jamii angekuja kutazama kama juhudi ile imeleta faida ya kweli. Ikiwa imeleta, chumba ni chao na mapazia yangepelekwa mitaa mingine. Kama hapana, bohari ingerudi kuwa bohari.

Sasa, ng'ambo ya dirisha la Mama Pazia aliishi mzee mmoja, fundi wa saa. Alikuwa mwembamba, mrefu, hatoki bila koti, na ndevu zake zilipunguzwa kila siku kana kwamba anasubiri kupigwa picha. Chumba cha mbele alikifanya karakana: meza, taa, kioo cha kukuzia, na saa za ukutani ambazo hakuna mbili zilizokubaliana. Chumba cha nyuma ndicho alicholala, na hakuna jirani aliyewahi kukiona.

Siku moja pazia lake halikufunguliwa. Mama Pazia alikwenda kugonga kama sharti lilivyosema. Watu wakakusanyika. Mzee alikuwa amekunywa dawa ya mafua ikamlaza, na kabla hajapata kuitika, wenye haraka walikwisha kusukuma mlango, wakapita karakana, wakamkuta chumba cha nyuma. Alikuwa ameketi juu ya magunia yaliyokunjwa, fulana imechanika begani, anapapasa miwani yake. Hakukuwa na kitanda wala godoro. Palikuwa na koti tu, limetundikwa vizuri kwenye msumari. Watu siku hizi hutazama saa kwenye simu, na mzee alikuwa ameuza vitu vyake kimyakimya, kimoja baada ya kingine, huku koti likimficha.

"Pole, Mzee," walisema, wakatoka. Walitoka na mikono mitupu, lakini macho yao yalikuwa yamebeba.

Kabla ya adhuhuri habari ilikuwa imefika kwenye bucha. "Kumbe mzee wetu analala kama shehena ya viazi!" alisema mwenyekiti huku akikata mbavu, na foleni nzima ikacheka. Hakuwa na nia mbaya. Jioni yake yeye huyohuyo alichangisha watu, likanunuliwa godoro, likabebwa kichwani uchochoro mzima kwa vigelegele mpaka mlangoni kwa mzee. Mzee alishukuru kwa adabu. Godoro akalisimamisha ukutani, na siku zote likabaki limesimama.

Baada ya siku chache alikuja kwa Mama Pazia, pazia lake limekunjwa kwapani.

"Binti yangu, nishonee ukanda wa kulibana pembeni hili. Saa hizi ndogo zinataka mwanga."

"Na usiku, Mzee?"

"Usiku nipo nyuma. Nani atanitazama?"

Alimshonea ukanda na kifungo imara. Tangu siku hiyo dirisha la fundi saa lilikuwa wazi kabla ya madirisha yote, na Mama Pazia alifurahi. Katika mikutano ya uchochoro alikuwa akiwasuta wavivu kwa mfano wake: "Mtazameni Mzee! Umri ule, na ndiye wa kwanza."

*

Ilikuwa asubuhi ya kawaida. Mama Pazia alikuwa barazani kwake na cherehani, anashona kola. Aliinua macho kama ilivyo ada, akaona pazia la ng'ambo liko wazi, akainamia kazi. Baadaye kidogo akasikia kitu kinagonga, kwa mbali, kikavu. Kikanyamaza. Kikagonga tena. Akasimamisha gurudumu kwa kiganja, akasikiliza, akatazama dirisha. Pazia lilikuwa wazi.

"Leo Mzee ana kazi," alimwambia wifi yake.

"Basi ni saa ya ukutani," wifi alijibu, anapepeta mchele. "Ya mkono haipigwi nyundo."

Wakacheka, na cherehani ikaendelea.

Aliyemkuta mzee ni muuza maji. Alikuja kesho yake mchana kuchukua dumu tupu, akaita, akaita tena, akazunguka nyuma na kuchungulia penye ufa wa mlango. Mzee alikuwa sakafuni. Upande wake wa kushoto ulikuwa umelala, midomo imekauka, na katika mkono wa kulia ameshika kiatu.

Walimpakia kwenye gari la nyama la mwenyekiti. Uchochoro mzima ulikuwa nje, kila mtu anamuuliza mwenzake imekuwaje, mbona pazia lilikuwa wazi? Mama Pazia hakuuliza. Alisimama mbele ya dirisha la mzee. Upepo ulikuwa unavuma, na mapazia ya nyumba nyingine yote yalikuwa yakipeperuka. Lile halikutikisika. Lilibanwa na ukanda, na kwenye ukanda kulikuwa na kifungo alichokitia yeye, kwa uzi wa nyuzi mbili ili kisikatike. Hakikuwa kimefunguliwa tangu siku alipokishona. Kilikuwa na vumbi.

Wiki iliyofuata alikwenda hospitali. Mzee alikuwa wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani, amenyolewa na mtu asiyejua kazi hiyo. Ulimi wake ulikuwa mzito, maneno yakamtoka moja moja, ila akili ilikuwa timamu kabisa. Mama Pazia alimlisha uji, akamfuta kidevu, ndipo akauliza.

"Mzee, kwa nini hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Kwamba sitaki mnione?"

Mama Pazia alitazama kikombe.

"Mlikuja mkanikuta mzima," mzee alisema. Alipumzika, akaendelea. "Mkaondoka na chumba changu. Mkaenda kukigawana buchani kama utumbo. Tangu hapo kila nikilala nilikuwa naogopa kuchelewa kuamka. Umri huu wangu, binti yangu, naogopa kuchelewa kama mtoto wa shule. Nikasema, bora libaki wazi. Waone kitambaa chao, waniache."

"Lakini uligonga."

"Niligonga." Jicho moja lilijaa maji, sijui kwa uchungu au kwa ugonjwa, maana ndilo jicho la upande uliolala. "Kwa kisigino cha kiatu. Nilikuwa nasikia cherehani yako. Kila siku naisikia, ni kama saa yangu nyingine. Nikagonga, ikanyamaza. Nikasema, haya, anakuja."

Akafumba macho.

"Halafu ikaanza tena."

*

Mwenyekiti alikuja barazani siku moja kabla ya ziara ya afisa. Alikuwa amevua aproni ya bucha na kunawa mpaka viwiko, jambo ambalo alilifanya Ijumaa na misibani tu.

"Mama Pazia, kesho wageni wetu. Nadhani habari za Mzee tusiziweke mezani."

"Tuziweke wapi?"

"Zipumzike tu. Mtu mzima kaanguka chumbani kwake; wanaanguka hata majumba yenye walinzi. Kuna watoto wanasomea pale. Kuna akina mama. Wewe mwenyewe kazi zako nusu zinatoka pale. Akikuuliza, msimulie habari za yule mzazi aliyekuwa na homa. Na za waliovuta moshi. Si uongo ule."

"Si uongo," Mama Pazia alikubali, na hapo ndipo palipomsumbua. Angeweza kusema kweli tupu tangu asubuhi hadi jioni na bado akamdanganya afisa. Alitoa pini mdomoni, akazichomeka moja moja kwenye mto wake.

"Nilimsikia akigonga," alisema.

"Nani?"

"Mzee. Nilimsikia siku ileile. Nikatazama pazia, nikaona liko wazi. Nikasema ana saa ya ukutani."

Mwenyekiti aliketi polepole kwenye kigoda cha wateja. Wifi, aliyekuwa mlangoni na neno tayari ulimini, alilirudisha ndani. Mama Pazia alingoja. Alitaka, kusema kweli, mtu yule amrushie maneno; miaka yote ile ya salamu za mdomoni, alikuwa na haki ya kuyarusha. Mwenyekiti alitazama mikono yake iliyonawa.

"Basi unajua," alisema.

"Sasa najua."

 Ukuta uliokuwa kati ya nyumba zao ulikuwa nyuma ya mgongo wa Mama Pazia, na kwa mara ya kwanza alifikiri jinsi huyu bwana alivyolala upande wa pili wa ukuta uleule, usiku baada ya usiku, akiusikia ukuta huo mgongoni mwake.

"Ndiyo maana nakwambia nyamaza," mwenyekiti alisema kwa sauti ya chini. "Mimi langu nililisema siku ya msiba, mbele za watu. Nilidhani nitapata nafuu. Nimelibeba mpaka leo, na hakuna aliyenitua. Wala wewe hukunitua."

"Sikukutua."

"Basi usijitwike."

Aliondoka bila kuaga. Wifi akaja kuketi palepale penye joto la mwenzake.

"Utasema, eti?"

"Sijui, wifi."

"Mimi nakujua. Ukishatoa pini zote mdomoni namna hiyo, hakuna jema linalofuata."

*

Afisa alikuwa msichana mwenye viatu vya kutembelea, si vya kuonyesha. Hakukimbilia kukaa. Aliomba atembezwe uchochoro mzima kwanza, akagusa mapazia, akauliza majina. Kisha wakaingia katika bohari iliyopakwa chokaa, ikajaa hadi mlangoni. Mwenyekiti alisimulia vizuri. Mwanamke aliyekuwa na homa alisimama na mtoto wake, sasa mtoto mkubwa wa kutambaa juu ya madawati, akalia, na waliokuwapo wakalia naye. Baba wa familia iliyovuta moshi akasema hana la kuongeza ila kwamba wanawe wanne wako hai. Wote walisema kweli.

Afisa alisikiliza mpaka mwisho. "Asanteni sana. Naona faida, wala sina shaka nayo. Nina swali dogo tu. Kabla ya mapazia, mlikuwa mnajuaje hali ya jirani?"

"Tulikuwa hatujui," mtu alisema, watu wakacheka.

"Tulikuwa tunagongeana," alisema bibi mmoja wa nyuma. "Kuomba kiberiti. Kuomba chumvi."

"Na kujua mmepika nini!" mwingine akadakia.

"Na hilo pia," bibi alisema.

Afisa akacheka nao, kisha akauliza kwa sauti ileile, bila mtego wowote: "Na sasa je? Ni lini mara ya mwisho mmoja wenu aligonga mlango wa jirani ambaye pazia lake lilikuwa wazi?"

Kicheko kilikatika vipandevipande. Watu walitazamana. Kila mmoja alikuwa akitafuta kichwani, kwa uaminifu kabisa, na hapati kitu. Mwenyekiti akakohoa.

"Tumekwisha," wifi alinong'ona.

Mama Pazia akasimama. Alishika dawati. Alijua chumba kile kina thamani gani. Aliwaona watoto wamekaa chini mbele, magoti yameguswa na chokaa.

"Kuna mzee yuko hospitali," alianza. "Nyumba yake inatazamana na yangu."

"Mama Pazia, kaa!" sauti ilitoka nyuma.

"Pazia lake lilikuwa wazi. Nililibana mimi, kwa ukanda niliomshonea mwenyewe. Alitaka libaki wazi ili tusimwingilie, kwa sababu tulipomwingilia mara ya kwanza tulitoka na aibu yake tukaifanya kitoweo. Alianguka. Akagonga. Mimi nikasikia, na sikwenda, kwa sababu nilitazama kitambaa nikaona mambo ni shwari. Alilala sakafuni mpaka kesho yake."

"Anatuuza huyu!"

"Kisa cha mtu mmoja ndiyo utufukuzie watoto?"

Mwenyekiti alikuwa amesimama. Kiti chake kilianguka nyuma yake na hakuna aliyekiinua. Mama Pazia alidhani anakuja kumkalisha.

"Mwacheni amalize," mwenyekiti alisema. "Ule utani wa viazi ulikuwa wangu. Nyinyi mlicheka tu."

Hata watoto wakageuka.

"Sina mengi," Mama Pazia alisema. "Yaliyosemwa hapa ni kweli, yule mama alipona na wale watoto walipona. Sitaki kuyatukana mapazia. Ila nilianza kazi hii kwa sababu mume wangu aligonga na watu wakabaki wamekaa. Nikawapa watu njia ya kujua mambo bila kuinuka. Miaka yote nimeona nafanya ujirani, na huko nyuma kugonga kukafa, hata mimi mwenyewe sikuona kumekufa lini. Binti, ukipeleka mapazia haya mitaa mingine, wapelekee na habari hii."

Aliketi. Afisa alikuwa ameacha kuandika zamani.

*

Mtu akisema kweli mbele za watu, hadithi nyingi humtunza. Hii haikumtunza. Baada ya miezi miwili afisa alirudi, peke yake, kwa miguu, kuwaambia kwa mdomo wake kabla barua haijafika. Alikuwa ameeleza mazuri na mabaya kwa usawa, na ameomba waongezewe muda. Wakubwa wake walikataa, wakachagua kusaidia mtaa mwingine, ambao watu wake hawakuwa na la kusema ila sifa. Aliomba radhi. Mama Pazia alimkaribisha chai, akamwambia hana deni la radhi kwa mtu yeyote pale.

Madawati yalitolewa. Mabomba yakaingia. Kwa muda watoto walisomea barazani kwa Mama Pazia, kisha mvua zikaanza, wakatawanyika. Wateja wengine walihamia kwa fundi wa barabara kuu. Mwanamke wa nyumba ya tatu alirudisha pazia lake, amelifua, amelipiga pasi, amelikunja, akaliweka mlangoni bila neno. Mama Pazia hakumlaumu. Huyo ndiye aliyekuwa na homa, na mwanawe mkubwa ndiye aliyekuwa akijifunza kusoma katika chumba kile kwa bidii kuliko wote.

Juhudi ile ilileta nini, basi? Atakaye kupima na apime yote: waliopona, na mzee aliyelala sakafuni, chumba kilichopatikana, na sababu ya kukipoteza. Wachache walianza kugongeana tena. Wengi hawakuanza. Mapazia mengine yaliendelea kufunguliwa kila asubuhi kwa mazoea, na hata hilo si kitu cha kubeza.

Asubuhi moja Mama Pazia alisikia hodi mlangoni. Alikuwa mwenyekiti, na aproni yake. Kati yao kulikuwa na ukuta mmoja tu, angeweza kuugonga kwa kidole akiwa kitandani kwake. Hakuugonga. Alikuwa amevaa viatu, akatoka, akazunguka.

"Umeamkaje, shemeji?"

Hakuwa amemwita hivyo tangu msiba. Mama Pazia alishika kitasa kilichotengenezwa na mumewe.

"Nimeamka salama, shemeji. Karibu ndani."

"Nyama inaningoja. Nilitaka kukuona tu."

Fundi saa alirudishwa kwa gari lilelile la nyama, akisisitiza avalishwe koti kwanza. Alikuwa na fimbo, na mkono mmoja wa kufanyia kazi. Aliweka masharti kabla hajashuka: aje mtu mmoja, si kundi; asipite karakana mpaka ameambiwa apite; na atakachokiona akiache humohumo. Ukanda wa pazia aliukata kwa mkasi wa wifi. Tangu hapo lilifungwa siku nyingine hadi mchana, siku nyingine likafunguliwa alfajiri, kama alivyopenda, na halikumwambia mtu chochote.

Mama Pazia huvuka kila asubuhi kabla ya kuondoa kifuniko cha cherehani. Hugonga kwa vifundo vya vidole, kisha hungoja, kwa sababu sasa mzee ni mzito wa kuinuka.

"Nani?"

"Mama Pazia."

"Niko hai. Nenda kashone."

"Fungua nikuone, Mzee."

"Sauti yangu haikutoshi?"

"Hainitoshi."

Ndani husikika mguno, kisha fimbo, kisha mguu unaoburutwa, taratibu mno, kupita katikati ya saa zile zisizokubaliana. Kola za watu zinangoja barazani na jua linapanda. Yeye husimama palepale, amekabili mlango, mpaka komeo litolewe.